Pindo lisiloonekana: kwa mkono au kwa cherehani?
Sketi ya kitambaa chepesi ikiletwa, bado nashika sindano ya mkono. Unachota nyuzi moja au mbili tu za kitambaa, uzi huukazi, na kwa nje hakuna alama. Shida ni muda: gauni pana la harusi hula saa nzima, na kwa joto la Dar jasho la vidole huchafua kitambaa cheupe.

Cherehani ina kasi. Ila zile nyeusi za kukanyaga unazoziona barazani Kariakoo hushona mstari ulionyooka tu. Hapa unahitaji yenye zigizaga na mshono wa pindo la kuficha. Kazi yote iko kwenye mkunjo. Kunja pindo, lipige pasi, kisha lirudishe chini ya kitambaa, ukingo ubaki nje kama milimita 6. Sindano hupiga mishono kadhaa ukingoni, halafu huruka kushoto kugusa mkunjo kidogo sana. Ikizama, vitone vitaonekana mbele, basi punguza upana wa mshono. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Suruali za ofisini na mapazia naipa cherehani bila wasiwasi. Shifoni, hapana.