Mashine ya kufyonza hewa kwenye mifuko ya chakula: uzoefu wangu

Naishi kwenye chumba kimoja na akiba yangu ya chakula hukaa uvunguni mwa kitanda. Ndiyo sababu nilinunua mashine hii ndogo inayofyonza hewa mfukoni kisha kuuziba kwa joto. Nimeitumia vya kutosha, na ningeinunua tena.

Lakini kwa mchele na dengu, msitegemee itawapunguzia mzigo. Punje kavu hazibonyei, hivyo ujazo unabaki karibu uleule. Kinachobadilika ni umbo. Ukiusawazisha mfuko kwa viganja kabla ya kubonyeza kitufe, unatoka bapa na mgumu kama tofali, na unapangika hadi pembeni kabisa. Makopo ya duara yakipangwa kwa mistari iliyonyooka huacha wazi takriban asilimia 21 ya eneo, na kwangu mimi eneo hilo ni chakula cha siku kadhaa.

Faida yenyewe hasa niliiona kwenye karanga na mbegu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wanga na protini zina 4 tu, kwa hiyo mwenye nafasi finyu anavihitaji mno vyakula vya mafuta. Shida yake ni kwamba hugeuka uchungu mapema, kwa sababu oksijeni huharibu mafuta. Karanga nilizozifungia humu zimebaki tamu muda mrefu kuliko zile za kwenye kopo, tena sana.

Unga una usumbufu wake: hufyonzwa pamoja na hewa na kuchafua sehemu ya kuzibia, kwa hiyo utieni kwanza kwenye mfuko wa karatasi. Tambi ndefu hutoboa plastiki.

Hapa naomba mnisikilize vizuri: fungieni vitu vikavu kabisa. Kuondoa hewa hakukigeuzi chakula chenye unyevu kuwa cha kabatini. Bakteria wa Clostridium botulinum hustawi pasipo oksijeni, na sumu yake inaweza kuwemo bila harufu wala dalili yoyote. Kitunguu saumu kibichi au uyoga mbichi visiachwe nje ya friji ndani ya mifuko hii.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sababu ya mifuko: kila ukifungua unakata ukingo, na inazidi kufupika hadi haifai. Anayeweka mchele na dengu peke yake, masanduku ya mraba yenye mifuniko inayobana yanamtosha.