Alamu ya gari langu ilikuwa inampigia fundi

Kabla hujatoa hela ya alamu ya gari inayopiga simu, simama hapo hapo dukani, mwambie fundi afungue mlango wa gari, usikilize ni simu ya nani inaita. Ikiita ya kwake, usiondoke. Naandika nikiwa na hasira, na sidhani kama zitaisha leo.

Gari langu ni IST, linalala nje, maana kwetu Tabata njia inayofika getini ni ya miguu tu. Alamu ya kawaida ya king'ora nilikuwa nayo zamani na haikunifaa kitu: mvua ikishaanza kupiga kwenye bati husikii hata mtu akigonga mlango wa sebuleni. Ndiyo maana nikaitaka hii yenye laini ndani. Gari likitikiswa au mlango ukifunguliwa, inakupigia, halafu inakutumia meseji. Ukiitumia meseji na wewe, inakata pampu ya mafuta, gari haliendi popote. Ina kibetri chake pia, kwa hiyo mwizi akichomoa betri ya gari bado inapata nguvu ya kukupigia. Nilivyoelezwa tu niliipenda, na mpaka leo naipenda.

Duka liko Kariakoo, silitaji. Fundi alifunga haraka haraka, akachomeka laini aliyoitoa kwenye droo yake. "Hii iko tayari, dada, ina na salio, usihangaike." Akabonyeza rimoti, king'ora kikalia, nikalipa.

Usiku mmoja wa masika wakaja wakang'oa vioo vya pembeni, vyote viwili, na nilikuwa nimeshavichora namba ya gari. Simu yangu ilikuwa kando ya mto, ina chaji, sauti juu. Haikuita.

Asubuhi nikaenda dukani. Nilitegemea angalau pole. Yule fundi akachukua simu yake, akaipekua kwa kidole gumba, akasema bila hata kuninyanyulia macho: "Mbona ilipiga? Hizi hapa. Ilikuwa sailensi, nilikuwa nimelala." Akanigeuzia nione. Saa tisa usiku, simu zisizopokelewa zimepangana moja chini ya nyingine, zote kutoka kwenye gari langu! Nikamuuliza gari langu linampigia yeye kwa nini. Akanijibu: "Tukifunga huwa tunaweka namba yetu kwanza, ya majaribio. Wewe hukusema tuibadilishe." Hukusema! Mimi nimetoa hela yangu ili niamshwe mimi, nikuambie tena kwamba uweke namba yangu mimi? Kabla sijamaliza sentensi alishamgeukia mteja mwingine: "Karibu, bosi."

Vioo vinanunuliwa, hata kama vinauma. Kinachoninyima usingizi ni kwamba muda wote ule kijana nisiyemjua hata jina la pili alikuwa na uwezo wa kuuliza gari langu liko wapi na kujibiwa, na kuzima injini kwa meseji moja nikiwa Barabara ya Mandela na watoto nyuma. Nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ile ya kwenye gari haimo. Ni ya mtu mwingine, na mwenye laini si mimi, kwa hiyo hata kwenda kuomba ifungwe sina pa kusimamia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme wa gereji ya mtaani kwetu. Alifungua kifuniko cha chini ya usukani, akavuta kisanduku kilichofungwa kwa tepu kama kidonda, akanionyesha waya zilizosokotwa tu bila kupigwa lehemu, na ule mwekundu wa moto hauna fyuzi. "Huu ungekuja kukuunguzia gari, mama." Akazikata, akapiga lehemu, akaweka fyuzi, tukachomeka laini yenye jina langu. Namba ya siri ilikuwa bado ile ya kiwandani, 123456, hakuna aliyeigusa. Akaibadilisha mbele yangu, akafuta namba ya duka, akapunguza ukali wa sensa ili lori likipita lisiniamshe. Kisha akalipiga boneti kofi na simu ikaita mkononi mwangu. Nusura nilie.

Tangu hapo inafanya kazi vizuri, na si kidogo. Juzi juzi iliniita usiku, nikawasha taa ya nje, nikasikia miguu inakimbia kuelekea barabarani. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msinunue, sasa naona siwezi kusema hivyo. Kifaa ni kizuri. Kinunueni, ila mwekewe laini yenu, na mkumbuke kuweka salio, maana likiisha kinanyamaza na hakikwambii.

Lakini pale dukani hapana. Nilitaka niseme labda kijana alichoka, wateja walikuwa wengi, yanatokea. Nikikumbuka alivyonionyesha zile simu kana kwamba ananithibitishia kazi yake nzuri, nakataa. Amewafungia wangapi, na magari mangapi saa hizi yanaita kwenye simu iliyo sailensi? Nimemwambia hela ya ufundi na ya vioo anirudishie. Wiki iliyopita alisema nipite Jumatatu, Jumatatu hakupokea simu. Nitakwenda tena, na safari hii siendi peke yangu.