Nyuzi za okestra "za studio na jukwaa": jukwaani zinafika noti ikishapita

Hukumu naitanguliza ili mwenye haraka asome na kuondoka: kama unapiga kinanda mbele ya watu, usinunue maktaba hii ya nyuzi, yaani mkusanyiko wa sauti za fidla na sello zilizorekodiwa, unaozipiga kwa kinanda kupitia kompyuta. Jina lake silitaji kwa sasa maana bado tunavutana kuhusu pesa zangu. Tangazo lao linasema, kwa herufi kubwa, kwamba imetengenezwa kwa ajili ya studio na jukwaa. Studio, sawa. Jukwaa ni uongo mtupu.

Ubovu uko kwenye legato, yaani noti zinazoungana bila kukatika. Noti ya kwanza inatoka vizuri. Ukiiunganisha na ya pili, hiyo ya pili haisikiki papo hapo: kwanza inachezwa rekodi ya upinde ukihama kutoka noti moja kwenda nyingine, halafu ndipo noti yenyewe inakomaa. Mhamo huo ulipigwa na wanamuziki wa kweli, kwa hiyo una urefu wake, na kununua kompyuta yenye kasi zaidi hakuufupishi. Kwa mguso laini nimeupima ukakaribia milisekunde 250. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Yaani fidla zinaingia nusu pigo nzima nyuma ya mpiga ngoma! Studioni unaisogeza midi ya nyuzi (ujumbe wa vibonyezo unaokwenda kwenye kompyuta) ianze mapema na mambo yanakaa sawa. Jukwaani utasogeza nini, vidole?

Anayebisha apime mwenyewe. Weka piano ya kawaida na nyuzi kwenye chaneli moja ya midi, piga noti mbili zilizoungana, rekodi kila ala kwenye njia yake, kisha kuza picha ya mawimbi utazame noti ya pili inaanzia wapi kwa kila moja.

Picha hizo nikawatumia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: "Punguza bafa." Bafa ni kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa; yangu ni sampuli 128 kwenye kilohezi 48, sawa na milisekunde 2.7. Hata ningeifuta kabisa, ningeokoa chini ya 3 kati ya 250. Nikawaeleza hivyo, kwa adabu. Akaja mwingine ambaye ni wazi hakusoma chochote: prosesa yako imezidiwa, ongeza bafa iwe 1024. Hizo ni karibu milisekunde 19 za ziada juu ya tatizo ambalo ni la kuchelewa! Wa tatu ndiye aliyenichemsha damu. Aliandika kwamba wateja wao wengi hawapigi jukwaani, na akanishauri nizoee kubonyeza mapema kidogo.

Kubonyeza mapema. Mhamo wenyewe hauna urefu mmoja: ukigusa kwa nguvu ni mfupi, ukigusa polepole ni mrefu. Kwa hiyo kila kidole kitangulie kwa kiasi chake, huku mwimbaji akivuta kiitikio anavyotaka yeye. Na kama wateja wao hawapigi jukwaani, yule mtu wa kwenye picha ya tangazo, amesimama nyuma ya vinanda viwili na taa zote zile, anafanya nini pale? Anauza taa?

Pesa hazirudi kwa sababu namba ya leseni imeshawashwa. Basi nimeilazimisha ifanye kazi, na aliyenaswa kama mimi afuate hivi.

Zima legato, tumia noti ndefu za kawaida. Chini yake weka tabaka la stakato (noti fupi za kukatwa) ya ala zilezile, sauti yake iwe chini kiasi cha desibeli 6 hadi 10, zote zikipokea midi moja. Stakato inatoa mng'ato wa upinde mara moja, noti ndefu inavimba nyuma yake, na sikio linaamini ni upinde mmoja. Stakato ikizidi, kila noti inasikika kama kishindo cha kiatu kwenye mbao, ishushe.

Maktaba ilirekodiwa kwa maikrofoni kadhaa, za karibu na za mbali, na kila moja huwashwa peke yake: bakiza moja, na za karibu ndizo zinazowahi. Hapa ndipo laptopu nyingi zinapouawa bure. Akodi ya noti 8, tabaka 3 za nguvu (rekodi za kupiga laini hadi kwa nguvu), maikrofoni 4: hiyo ni mikondo 96 inayosomwa kwa wakati mmoja, kabla hujaachia pedali ya kushikilia noti na mikia ya mwangwi haijaamka yote kwa mpigo. Ndiyo maana sauti hukwaruza wakati wa kuachia pedali kuliko wakati wa kupiga. Ukibakiza moja, 96 inakuwa 24. Usizinyamazishe tu, ziondoe kwenye RAM, maana maktaba nyingine huendelea kusoma hata kile kisichosikika. Mwangwi wa ukumbi uutoe kwenye riverbu moja inayotumiwa na ala zote.

Pedali ya pili ya mguu, ile ya kupandisha na kushusha taratibu, ielekeze CC1 (CC ni namba za midi za kudhibiti sauti, 0 hadi 127; CC1 ndiyo ya gurudumu la kinanda). Vinanda vingi huituma kama CC11, ambayo hapa hubadili ukubwa wa sauti tu. CC1 ndiyo inayobadili rangi ya upinde, na mikono yote miwili iko kwenye vibonyezo, nani ashike gurudumu? Ila jihadhari: ukibadili ala, maktaba haijui pedali iko wapi mpaka uiguse, na akodi ya kwanza inaweza kutoka kama pumzi. Programu yako ya jukwaani itume CC1 yenye thamani 64 kila ala inapofunguliwa.

Kwenye Windows zima Wi-Fi, zima usingizi wa USB, mpango wa umeme uwe wa nguvu zote, kisha acha LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji wa kompyuta, ikimbie kwa muda wa onyesho zima, siyo dakika mbili.

Baada ya yote hayo, nakiri jambo linaloniudhi: sello zake, zikipigwa polepole sana, CC1 ikiwa chini ya 30, ni nzuri kuliko zozote nilizowahi kuwa nazo. Unasikia nywele za upinde zikishika uzi. Kwa nyimbo za mwendo wa 60 kurudi chini ningeipa nyota nne, na siiondoi kwenye laptopu. Basi pengine niseme inunue, kwa ajili ya sello tu, na legato usiiguse.

Nilikuwa nimeishia hapo, na nyota zimeshapanda hadi tatu, wakati lilipoingia jibu jipya kuhusu ombi langu la kurudishiwa pesa. Wananiuliza kama nimejaribu kupunguza bafa. Nyota moja.