Yamaha Pacifica 112V: mwaka na nusu wa kulipiga Mbeya

Napiga solo kwenye kwaya ya vijana hapa Ilomba, na mara moja moja natoka na bendi ya harusi. Gita hili la umeme nililinunua mkononi mwa mtu kwa shilingi 620,000, na tangu siku ile vijana wenzangu hawaachi kuniuliza: "Kaka, kwa laki sita si ungepata mapya mawili?" Ningepata. Nilishawahi kununua moja la namna hiyo, na ndilo lililonifundisha.

Lile la kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, na begi lake, waya wake, hata spika ndogo ya kufanyia mazoezi, vyote kwa 280,000. Jumapili ya kwanza, ubeti wa pili haujaisha, uzi wa tatu ukawa umeshuka. Nikaupandisha. Kiitikio kilipoisha ulikuwa umeshuka tena, safari hii pamoja na wa pili. Nikitiuni vizuri huku karibu na kichwa, nikipanda freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) noti zinapitiliza, na sebene linachezewa huko huko juu. Nilivumilia miezi mitano. Pesa haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kusimama na watu waliofanya mazoezi wiki nzima, halafu mimi ndiye ninayewaharibia.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa redio pale Mwanjelwa, mzee aliyepiga besi ujanani. Akalinyanyua kama mtu anayelenga bunduki, jicho moja amelifumba, akaitazama shingo kuanzia darajani, pale nyuzi zinapokalia mwilini, mpaka kichwani.

"Kijana wangu, shingo imejisokota."

"Hainyooki, baba?"

"Ndani kuna chuma cha kuinyoosha ikiinama mbele au nyuma. Ikishajisokota, chuma hakisaidii kitu. Funguo za nyuzi ningekubadilishia, pikapu zinazodaka sauti ya nyuzi ningekubadilishia, waya ningekulehemia. Lakini shingo ndiyo gita lenyewe."

Maneno hayo ndiyo niliyosafiri nayo mpaka Iringa, zaidi ya kilomita 300, baada ya kusikia kuna dada anauza Pacifica yake. Nikashuka Ipogolo, nikapanda bajaji hadi mjini juu. Lilikuwa na mikwaruzo mgongoni, na rangi imebanduka kidogo pembeni. Sikuhangaika na hayo. Nikaanza na shingo, nikaitazama kama mzee alivyofanya. Kisha nikapiga freti zote 22 kwenye nyuzi zote sita, noti 132 moja baada ya nyingine, nikitafuta inayokwaruza au inayokufa kabla ya wakati wake. Nikagusa uzi kidogo tu juu ya freti ya kumi na mbili, ile sauti ya kengele ikatoka, nikaukandamiza palepale, nikalinganisha. Zilikubaliana. Nikatiuni, nikavuta kila uzi kwa nguvu kama ninavyovuta kwenye sebene, nikaliweka chini, tukanywa chai. Baada ya nusu saa lilikuwa halijatoka mahali pake. Dada yule hakukereka hata kidogo. Muuzaji anayekuharakisha wakati huo, mimi ningeshika begi langu nikaondoka.

Alitaka laki saba, tukaelewana kwenye 620,000.

Sasa sauti yenyewe. Mwili wake ni wa mti unaoitwa alder, shingo ni ya mti wa mepo, na lina pikapu tatu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Mbili ni za koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya, ile ya darajani ina koili mbili. Kwa mtu wa Mbeya tofauti hii ni kubwa, kwa sababu kumbi zetu nyingi umeme wake hauna waya wa ardhi wa uhakika, na koili moja, ya gita lolote lile, hudaka ule mngurumo wa umeme. Koili mbili zimefungwa ili mngurumo wa moja uue wa mwenzake. Kwa hiyo kwenye ukumbi wenye taa mbovu nahamia pikapu ya darajani na mngurumo unapungua sana. Nikitaka sauti nyembamba inayong'ara, ile ya magita ya rumba, navuta kitufe cha toni juu, koili moja inazimika. Gita moja linanifanyia kazi ya mawili, na hapo ndipo nasema kwa moyo mweupe kwamba hela yangu imerudi.

Nililifikiria pia gita la umbo la Les Paul, la kampuni ya Gibson, kwa kuwa Epiphone, ambayo ni tawi la Gibson, inayatengeneza kwa bei ya chini ya Gibson yenyewe. Sauti yake nene naipenda. Ila kichwa chake kimelala nyuma, likianguka chali shingo hupasuka kirahisi, na mimi usafiri wangu ni bodaboda. Squier, tawi la bei nafuu la kampuni ya Fender, ningeichukua bila kusita kama ningekutana na yenye shingo safi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wauzaji wa Dar hawawezi kukuambia. Gita lililozoea joto na unyevu wa pwani likifika Mbeya mwezi wa sita au wa saba, baridi ikiwa kavu, mbao inasinyaa na ncha za freti zinachomoza pembeni, zinakwaruza kiganja. Fundi anazipiga tupa taratibu, lakini lipe kwanza wiki chache lizoee. Na Jumapili asubuhi ukitiuni kanisa likiwa tupu na la baridi, watu wakijaa hewa inapata joto, nyuzi zinalegea na kushuka. Siku hizi natiuni mara mbili, ya pili wakati wa matangazo.

Ukiwa na laki nane, usizimalize zote kwenye gita. Gita la umeme likichomekwa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa hutoa sauti kavu, nyembamba, na watu watalaumu gita bure. Mimi niliongeza Zoom G1 Four ya mtumba, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita, kwa 150,000. Ina sauti za amplifaya nyingi ndani yake na inakubali betri nne ndogo, kwa hiyo umeme ukikatika na jenereta likiwashwa, siipotezi mipangilio katikati ya wimbo. Nyuzi nafunga za namba tisa, laini, maana navuta sana.

Lile jekundu lipo kwa mzee Mwanjelwa. Alichomoa pikapu zake mbili, zilikuwa nzima, akamfungia mtoto mmoja wa Sunday school kwenye gita lililokuwa bubu. Nilimsikia akilipiga wiki iliyopita.