Kompressor ndani ya 240D ya mzee: nilichokiona gereji ya Unga Limited, Arusha

Nianze na gari maana ndo chanzo cha yote. Ni Mercedes 240D, ile bodi ya W123 ambayo zamani ukiiona Moshi mjini unajua hapo kapita mkuu wa wilaya, askofu au mtu wa kahawa. Ni ya mzee wangu, kanikabidhi baada ya macho kuanza kumsumbua. Ndani ina dizeli ya OM616, farasi 72, na wanaoijua wanajua hiyo injini haifi, inachoka tu. Yetu ilikuwa imechoka. Ukitoka Moshi kwenda Arusha na watu wanne ndani, pale bonde la Kikafu unashuka vizuri kabisa kama waziri, afu kupanda upande wa pili sasa, Noah zinakupita, Coaster zinakupita, na siku moja nikapitwa na kenta imebeba ndizi, utingo kakaa juu ya mzigo ananipungia mkono. Nikasema basi, hii hapana.

Nikaamua kuweka injini ya C200 Kompressor, ile M271, cc 1,800, farasi 163. Watu waliniambia weka Toyota, 1JZ imejaa, spea kila duka. Sawa, ila mi sitaki Benzi ya mzee ilie kama Mark II ya vijana wa Sakina. Halafu hizi Kompressor ziko kibao, watu wanazinunua kwa bei ya mteremko, zikianza kusumbua wanazipaki, kwa hiyo kupata injini na gia boksi lake siyo shida.

Na kuna jambo mtu wa Dar haliwazi kabisa. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, presha ya hewa huku ni pungufu kama asilimia 15 hivi ya pwani, na injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho kabla hata hujapakia mtu. Supachaja, ambayo Benzi ndo wanaiita Kompressor, inasaidia hapo. Ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, inashindilia hewa kwenye silinda, na haifanyi kama tabo inayongoja moshi wa ekzosi upate kasi, we ukikanyaga yenyewe ipo. Inakula nguvu kidogo ya injini ili ijizungushe, ndio, hamna cha bure. Na kabla mtu hajaniambia nimechanganya damu, Mercedes walikuwa wanauza magari ya supachaja tangu miaka ya 1920.

Sasa gereji. Ipo Unga Limited, ndani ndani nyuma ya magodauni, jina sitaji maana nina ya kulalamika na mwenye gereji tunakutana misibani. Nilipelekwa na jamaa aliyefungiwa pale injini ya Land Cruiser kwenye Land Rover ya kizamani ya kampuni ya utalii, na ile kazi niliiona kwa macho, imenyooka.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini fundi mkuu ni cheni. Injini ilipotoka Dar na kushushwa mi nilitaka ifungwe hivyohivyo, ilikuwa inawaka vizuri tu. Akakataa. Akasema "boss, hizi ugonjwa wake ni cheni, tusifunge kitu halafu tukitoe." Akafungua juu, akatoa taiming cheni ya zamani, akapigilia msumari ukutani akaitundika, pembeni yake akatundika mpya. Mwanzoni sikuona kitu. Akaniambia angalia chini. Ile ya zamani ilikuwa imeshuka, siyo sana, labda unene wa kidole kidogo cha mtoto, lakini imeshuka, yaani imevutika. Afu akanionyesha meno ya gia za kamshafti, yamechongoka kama meno ya papa. Cheni ikiruka jino vavu zinakutana na pistoni na hapo umenunua injini nyingine. Laki nane ikaniondoka siku hiyo na sikuinung'unikia.

Kazi ya chuma pale ni ya hali ya juu, hapo siwezi kuwapunja. Maunti za injini wametengeneza wenyewe kwa bamba nene, wakaipandisha injini na kuishusha nadhani mara saba wakipima kwa kamba na pima maji kabla ya kuchomelea. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inagusa krosimemba, ule mhimili wa chuma unaokatiza chini, hawakuikata krosimemba kama wengine wanavyofanya, waliikata sampo wakaijenga upya kisha wakaijaza mafuta ya taa ilale usiku mzima waone kama inavuja. Shida kubwa ilikuwa ekzosi. Stelingi yetu ipo kulia, boksi ya stelingi ya W123 ni limzigo la chuma limekaa kulia, na ekzosi ya hii injini nayo inatokea kulia. Wamelipindisha bomba limepita kwa nafasi ya kidole kimoja, wakaweka bati la kuzuia joto katikati. Ukifungua boneti leo unaweza kudhani Wajerumani ndo waliipanga hivyo.

Propela shafti, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, waliikata na kuipeleka kubalansi, ila kubalansi kwenyewe ilibidi irudiwe, maana mara ya kwanza ukifika themanini kiti kinatetemeka mpaka miwani inashuka puani.

Kuhama kutoka dizeli kwenda petroli ndo kuna vidudu ambavyo hakuna anayekwambia. Tanki liliteremshwa likaoshwa mara mbili, pampu ya umeme ya presha ikawekwa, paipu za zamani zote zikatolewa maana hazikutengenezwa kwa presha ya karibu bari nne. Hilo sawa. Ambalo hakuna aliyelifikiria, mi nikiwemo, ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Hii gari ya mzee inaishi kwa vakyumu jamani. Breki busta, ile inayokusaidia kukanyaga breki, ni vakyumu, loki za milango ni vakyumu, hata kuizima ile dizeli ilikuwa ni vakyumu, ukigeuza funguo kuna kipaipu kinavuta pampu ya dizeli inakata. Vyote vilikuwa vinalishwa na pampu iliyokaa kwenye injini ya zamani, injini imetoka na pampu imetoka. Siku ya kwanza kuisogeza pale uani kijana wa gereji akakanyaga breki, ikawa kama anakanyaga jiwe, akaenda kuegemea pipa la oili chafu. Hakuna aliyeumia, pipa lilimwagika lote. Ndo wakaanza kuchota vakyumu kwenye menifodi, pale hewa inapoingilia injini, kwa vavu ya njia moja na kichupa cha akiba, maana supachaja ikishindilia hewa hapo menifodi haina vakyumu, ina presha, ukikosa ile vavu breki inakukimbia wakati ule ule unapoihitaji. Hili walitakiwa walijue kabla. Nawakata maksi hapa na ni maksi nyingi.

Halafu oili. Nilikuta kijana anafungua dumu la 15W-40 ya dizeli anataka kumimina, eti ndo ilikuwa imebaki kutoka kwenye kazi nyingine. Injini ya Kompressor inataka sintetiki, mi natumia 5W-40, lita tano na nusu. Nisingekuwa nimepita pale mchana ule kununua chapati ningejua lini? Kwa hiyo ukipeleka gari pale nenda na oili yako, nenda na kulanti yako, na ukae uione inaingia.

Umeme waliushindwa, na nawapongeza kwa kukiri. Benzi za umri wa hii Kompressor, kontrolo boksi (kompyuta ya injini), swichi ya kuwashia na funguo ni ndugu, ukinunua injini bila hivyo viwili vingine umenunua chuma cha kufungia ng'ombe, haitawaka. Mi nilikuwa nimeambiwa mapema nikanunua seti nzima. Wakamwita fundi umeme kutoka Moshi, kijana mpole wa Pasua, anakuja na basi la asubuhi na kompyuta kwenye begi la shule. Huyu ndo kaokoa kazi. Injini ilipowaka tukashangilia, tukatia gia, gari ikaenda, ikakwama gia ya pili, ukiizima ukaiwasha bado ya pili. Akaeleza kwamba gia boksi linasubiri habari za spidi ya magurudumu kutoka kwenye ABS, na kwenye gari ya mzee hiyo ABS haipo, kwa hiyo linaogopa, linajifungia. Dawa yake ikawa kontrola nyingine ya kujitegemea ya gia boksi, inaagizwa nje, na sensa moja inayosoma mzunguko wa propela shafti. Ilichukua wiki sita kufika. Ilipofungwa, gia zikaanza kuingia kama unakata siagi.

Swichi ya kuwashia ya hiyo C200 ameificha chini ya dashi karibu na goti, na funguo ya zamani bado inafungua loki ya stelingi, kwa hiyo natembea na funguo mbili. Kwanza geuza ya mzee, halafu inama uchomeke ya pili. Mke wangu anasema mwizi akija atakata tamaa.

Sasa muda, hapa ndo penye kidonda. Niliambiwa wiki tano. Gari imekaa miezi mitano na siku kadhaa. Toa wiki sita za kontrola ambazo siyo kosa lao, toa wiki mbili za Krismasi maana Desemba Wachaga wote tumepanda nyumbani na hapo hakuna wa kumlaumu, bado inabaki miezi ya "boss we njoo Ijumaa." Ijumaa nakuja, gari ipo juu ya mawe vilevile, paka kalala kwenye kiti cha nyuma. Ukipiga simu anapokea, hakuna siku hajapokea, na ana maneno matamu, unakata simu umetulia kabisa afu baada ya dakika kumi unagundua hajakujibu kitu.

Hela: injini, gia boksi, waya na swichi milioni 4.2 mpaka Arusha. Cheni na gia zake laki nane. Ufundi tulikubaliana milioni 2, ukaishia 2.6, na hiyo laki sita niliisikia siku ya kuchukua gari, siyo kabla. Fundi umeme na kontrola yake karibu milioni 2. Bado rejeta, feni ya umeme, intakula ya mtumba (ya kupoza hewa ya supachaja), ekzosi, vitu vya laki laki. Usiende na milioni saba ukidhani zitatosha.

Na kadi ya gari usiisahau, namba ya injini imebadilika na mafuta yamebadilika, dizeli imekuwa petroli, kamalize hilo kabla hujaanza kuringa barabarani. Bima nao waambie.

Inaendaje? Nimeshaenda Moshi na kurudi mara nane. Kikafu inapanda huku naongea na simu, namaanisha abiria anaongea na simu, mi naendesha. Huhisi ule mruko wa tabo, inasukuma tu toka chini kama mtu ameweka mkono mgongoni, na kuna kasauti kembamba kama cherehani inayotoka mbali. Joto halipandi hata kwenye foleni ya Tengeru siku ya soko, feni inaingia yenyewe inatoka. Natumia lita moja kwa kilomita kama kumi, dizeli ilikuwa inakula pungufu ya hapo ila tusidanganyane, ile ilikuwa haiendi. Breki zina diski mbele na nyuma toka kiwandani, nimebadilisha pedi na hosi tu. Usa River wenye tochi wapo palepale, hamsini ni hamsini, bodi ya askofu haikusaidii.

Mzee nilimwogopa zaidi ya trafiki. Nilimpelekea Machame Jumapili, nikaamkia, hakuitikia, kainamisha kichwa anasikiliza injini. Akauliza "ile nyingine umeipeleka wapi?" Nikamwambia ipo stoo, nimeifunga na turubai, sijaiuza. Akanyamaza. Akaingia mbele, akafunga mlango, tukashuka mpaka barabara kubwa na kurudi, kwenye kile kilima cha kwao akashika kile kishikizo cha juu ya dirisha, ambacho sijawahi kumwona akikishika maisha yangu yote. Tulipofika akasema "marahaba."

Kwa hiyo ukiniuliza: kazi ya chuma nane kwa kumi, na ningewapa tisa kama siyo ile breki. Muda mbili. Uaminifu wa vifaa kumi, hakuna hata nati iliyopotea, hata redio ya zamani ya kaseti niliikuta kwenye buti imefungwa na gazeti. Ukiwa na gari unaloenda nalo kazini kila siku usipeleke, utapanda daladala mpaka mwaka uishe. Ukiwa na la kuchezea na una moyo, nenda, ila mchukue na yule kijana wa Pasua tangu siku ya kwanza, usingoje wakwame ndo aitwe.

Mlango wa nyuma kushoto bado haujifungi na wenzake, unasikia vakyumu inapumua mahali fulani ndani ya kitambaa. Nimewapigia, wameniambia nirudi Jumatatu. Nimesahau kuuliza Jumatatu ipi.