Marejeo 71, majarida mawili: uzoefu wangu na Zotero

Makala yangu ya kwanza, iliyohusu mbu wa Anopheles funestus katika bonde la Kilombero, niliipangia marejeo kwa mkono. Yalikuwa 64, kwa mfumo wa Vancouver, yaani kila chanzo kinapewa namba kadiri kinavyojitokeza kwenye maandishi. Nilikuwa na daftari pembeni, namba kushoto, jina la mwandishi kulia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Profesa wangu aliporudisha muswada. Kwenye aya ya pili ya utangulizi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ongeza chanzo hapa."

Chanzo kimoja tu. Tatizo, "hapa" palikuwa mara baada ya namba 6. Iliyokuwa 7 inakuwa 8, iliyokuwa 8 inakuwa 9, hivyo hivyo hadi 64 iwe 65, na zote ziko ndani ya maandishi, ndani ya majedwali na chini ya picha. Nikajifanya mjanja, nikatumia ile tafuta-na-badilisha ya Word. Nikageuza 7 zote kuwa 8. Kisha 8 zote kuwa 9. Hapo ndipo nilipogundua kwamba zile saba za zamani nazo zimeshabebwa, sasa zote ni tisa. Ilitakiwa nianze na 64 nikirudi nyuma. Nililifahamu hilo saa nane usiku.

Asubuhi dada mmoja wa maabarani akanitazama macho mekundu, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akacheka. "Kaka, mpaka leo unahesabu vidole?" Akaniwekea Zotero kwenye mashine kabla hajamaliza chai yake.

Kwa asiyeijua: ni programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeo. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kujipatia kitu au kukimudu. Inakaa ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs. Ukiweka na kitufe chake kwenye kivinjari, ukiwa PubMed, ile tovuti ya kutafutia makala za tiba, unabofya mara moja na rejeo zima linaingia: waandishi, mwaka, juzuu, kurasa. Kama una DOI tu, yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, kuna alama ya kifimbo cha mganga juu pale. Unabandika namba, unabonyeza Enter, basi. Yale 64 yalinimalizia Jumamosi moja, tena na muda wa kufua ulipatikana.

Ila ngoja niseme ukweli ambao wanaoisifia huwa wanauruka. Inapanga kile ulicholisha. Ukilisha pumba, itakupangia pumba kwa mfumo sahihi kabisa wa Vancouver.

Mfano ni huu. Ripoti za Shirika la Afya Duniani (World Health Organization) niliziingiza mwenyewe, na sehemu ya mwandishi ina vyumba viwili, jina la ukoo na jina la kwanza. Mimi nikajaza vyote, kama fomu ya benki. Profesa akanipigia simu: "Mwanangu, huyu Organization WH ni nani? Sijawahi kumsikia kwenye mambo ya mbu." Nilitamani ardhi ipasuke. Dawa yake ni kitufe kidogo pembeni ya jina kinachounganisha vyumba viwili kuwa kimoja. Ukiandika jina la taasisi humo, halikatwi. Wizara, ofisi ya takwimu, mradi, vyote viende kwenye chumba kimoja.

La pili ni majina ya viumbe. Mhariri yeyote wa jarida la wadudu atataka Anopheles funestus liwe kwa herufi za mlazo, hata kwenye orodha ya marejeo. Taarifa zinazovutwa mtandaoni mara nyingi huja bila mlazo. Unalifungua rejeo, unaweka <i> kabla ya jina la mdudu na </i> baada yake. Ukijenga tena orodha, mlazo huo unatokea. Kazi ya kuchosha, siwezi kuficha, lakini unaifanya mara moja kwa kila makala, na ukiitaja tena mwaka kesho iko tayari.

Na vile vichwa vya makala za zamani vilivyoandikwa HERUFI KUBWA TUPU? Bofya kulia, badilisha kuwa herufi za sentensi. Halafu pitia kwa macho, maana mashine haijui kwamba Tanzania ni nchi.

Kitu kilichonifanya niiamini ni kukataliwa. Jarida la kwanza liliturudishia muswada baada ya wiki tatu, kwa maneno matamu, wakisema hauendani na wasomaji wao. Kufikia hapo marejeo yalikuwa 71. Jarida la pili halitaki namba, linataka jina na mwaka ndani ya mabano, na orodha kwa alfabeti. Zamani hiyo ingekuwa wiki nzima ya kulia. Nilifungua mipangilio ya waraka, nikachagua mtindo wa jarida lile (ghala lao lina mitindo zaidi ya 10,000), nikabofya sawa. Kompyuta yangu ni mzee, iliguna kidogo, lakini maji ya chai hayakuwahi kuchemka.

Palipoharibika ni upande wa binadamu. Mwandishi mwenzangu mmoja, mtu wa heshima zake, katika rasimu ya awali alikuwa amebofya ndani ya [12] akaandika kwa mkono [12,15]. Programu ikaniuliza kama nataka kuacha mabadiliko hayo. Nikajibu ndiyo bila kusoma, na tangu hapo nukuu ile ikawa haisogei hata namba zingine zikisogea. Sasa nawaambia wenzangu wote: ukitaka chanzo kiongezwe, niachie maoni pembeni, usiguse mabano.

Kuhusu gharama: nafasi ya bure ya mafaili kwenye seva yao ni 300 MB, na PDF zinaijaza haraka. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mimi sikulipa. Nimezima usawazishaji wa mafaili, nimeacha wa taarifa za marejeo peke yake, na PDF nazinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya zile <i>.

Mkiwa mnatuma muswada, majarida mengine hutaka faili lisilo na viungo vya programu. Kipo kitufe cha kukata viungo, na ukishakata na kuhifadhi, hakuna kurudi. Kwa hiyo tengeneza nakala kwanza. Kwenye mashine yangu kuna funestus_HAI na funestus_MFU, na inayokwenda jaridani ni MFU. Msaidizi wa maabara aliyaona majina hayo juzi akaniuliza hesabu ya mbu ya mwezi huu nimeiweka folda gani.