Ramani kwenye gari: kwa nini nimebaki na simu, na programu mbili ndani yake

Ukiagiza gari lililotumika kutoka Japani, mara nyingi linakuja na kioo cha ramani kwenye dashibodi. Unakiwasha, kinakusalimu kwa Kijapani, na ramani yake ni ya Japani tu. Toyota IST yangu ilifika hivyo. Fundi redio wa Kariakoo alinishauri niitoe ile redio anifungie ya Android yenye kioo kikubwa. Rafiki yangu anayeendesha watalii akaniambia ninunue Garmin, kifaa cha ramani kinachojitegemea bila simu. Nilizitazama zote mbili kwa makini, kisha nikaamua kubaki na simu niliyonayo. Nimeshaitumia kwenye foleni za Dar, milima ya Lushoto na barabara ya Iringa, na ninaandika haya kwa sababu naona watu wengi wanatoa hela kabla hawajajua wanachonunua.

Kwanza tuelewane: GPS yenyewe haili bando. Setilaiti zinatuma mawimbi bure, simu inayapokea tu, haitumi kitu kurudi huko juu. Ikinasa mawimbi ya setilaiti nne hivi inajua iko wapi, hata kama haina laini ndani. Kinachokula bando ni picha ya ramani na taarifa za foleni. Ndiyo maana swali la kuuliza unapochagua programu si kama ina GPS, maana simu karibu zote zinayo. Uliza kama ramani inakaa ndani ya simu, na kama njia inaweza kupangwa upya pale mtandao unapokatika. Ukilipata jibu la hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Mjini natumia Google Maps na sina sababu ya kuibadilisha. Ile mistari myekundu inatokana na simu za madereva walioko mbele yako, na Dar simu hizo ziko nyingi, kwa hiyo ikikwambia Mwenge pamefunga saa kumi na moja jioni, amini. Halafu kuna suala la lokesheni. Iwe msiba, harusi au mteja wa Goba, siku hizi mtu hakuelekezi kwa mwembe na duka la Mangi, anakutumia lokesheni WhatsApp, unaigusa, unaondoka. Mahali pa kuwa makini ni kwenye madaraja ya juu kama lile la Kijazi pale Ubungo, lenye ngazi tatu. GPS inapima vizuri zaidi kulia na kushoto kuliko juu na chini, hivyo usitegemee programu ikwambie uko ngazi ipi. Hapo soma vibao.

Nje ya mji mambo yanabadilika. Msimu mmoja wa masika nilikuwa natoka Soni kuelekea kijiji kimoja upande wa Bumbuli. Programu niliyokuwa nayo wakati huo, ambayo sitaitaja jina, ilinichagulia njia fupi. Lami ikaisha, ikaja changarawe, kisha udongo mwekundu uliolowa na mfereji katikati ambao tairi la IST lingezama lote. Mtandao ulikuwa umeshapotea tangu kona za nyuma, kwa hiyo programu haikuweza kunitafutia njia nyingine, mshale umeganda palepale. Mama mmoja aliyekuwa anateremka na mzigo wa kuni akasimama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatazama gari, akasema: “Mwanangu, hapa gari dogo halipiti. Ni pikipiki tu.” Nikarudi kinyumenyume hadi nikapata pa kugeuzia.

Baada ya pale nilianza kutafuta programu inayojua tofauti ya lami na vumbi, nikaipata Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, unapakua ramani ya eneo lako lote ukiwa nyumbani, na njia inapangwa ndani ya simu yenyewe. Ukikosea kona porini inakupangia upya hapohapo bila mtandao. Ila kilichonishika zaidi ni mpangilio mmoja ulioko kwenye sehemu ya njia: kuepuka barabara zisizo na lami. Kwa mwenye gari la chini, huo peke yake unatosha kuipa nafasi kwenye simu. Google Maps nayo unaweza kuipakulia eneo na ikakuelekeza bila mtandao, lakini hapo hupati taarifa za foleni wala njia mbadala.

Ramani ya Organic Maps inatoka OpenStreetMap, ambayo inachorwa na watu wa kawaida, wakiwemo wa hapa kwetu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walitembea kata za Dar zinazokumbwa na mafuriko wakichora barabara, nyumba na mitaro. Kazi yao imo ndani ya simu yako leo. Na wewe unaweza kuongeza. Duka la spea la mtaani kwetu halikuwemo, nikaliweka mwenyewe kutoka ndani ya programu. Ninawaomba wenye magari tuwe na tabia hiyo, hasa tunaotoka mikoani, kwa sababu ramani ya kijijini kwenu haitachorwa vizuri na mtu ambaye hajawahi kufika.

Kuna pia OsmAnd, inayotumia data hiyohiyo. Inamfaa mtu anayependa kuingia ndani ya mipangilio. Mimi nataka kugusa na kuondoka.

Garmin sijaidharau. Rafiki yangu ameiwekea ramani za Tracks4Africa, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaozunguka Afrika kwa magari ya porini, na kioo chake kinasomeka juani bila shida wala simu haziingii katikati ya safari. Kwa mtu anayelala mbugani kila wiki, anunue. Kwa sisi wa kazini na kijijini Desemba, sioni sababu ya kulipia kifaa cha pili.

Hela hiyo weka kwenye kishikio kizuri cha simu na chaja ya maana. Usikibandike kishikio kwenye kioo cha mbele: jua la Chalinze saa saba linaipasha simu hadi inapunguza mwanga na kugoma kuchaji. Kifunge kwenye tundu la AC, ubaridi uipige kwa nyuma. Chaja za bei ya chini nyingi zinaingiza moto kidogo kuliko ramani inavyoutumia, unafika Morogoro na asilimia chache kuliko ulizotoka nazo.

Na mnaokwenda Kigamboni, kabla hujawasha gari tazama kama programu imekupangia pantoni ya Magogoni au Daraja la Nyerere. Zote mbili zinalipiwa, ila pantoni ina kusubiri. Sehemu ya kuzima vivuko iko kwenye Google Maps na Organic Maps, palepale kwenye mipangilio ya njia.